Siku ya mia darasani: mkusanyo, gulio, uwanja au chati?

Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alisimama mbele ya wenzake kuhesabu chelewa za ufagio. Alikwenda vizuri mpaka ishirini na tisa, akaokota chelewa inayofuata, akasema bila wasiwasi wowote: "Ishirini na kumi." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu nikaona haya, maana mtoto hakukosea hesabu, alikosa neno tu. Ishirini na kumi ni thelathini. Kiswahili kinambeba mtoto vizuri kwenye kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, kwa kuwa kila neno linajieleza lenyewe. Kisha kinamtupa. Ishirini, thelathini, arobaini na kuendelea ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na ukiyasikiliza husikii kumi ndani yake. Mtoto anayameza tu, kama dawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiadhimisha siku ya mia ya masomo. Desturi yenyewe imetoka Marekani. Huko walimu wa madarasa ya chini huanza kuhesabu siku za shule tangu siku ya kufungua: kila siku mrija mmoja, mirija ikifika kumi inafungwa kitita, na vitita vikifika kumi inafanyika sherehe. Wengine huwavalisha watoto kama vikongwe wa miaka mia, na mikongojo juu. Kwao siku hiyo huangukia Januari au Februari, kwa kuwa wanafungua shule Agosti au Septemba. Kwetu Tanzania mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo siku ya 97 ndiyo nusu, na ya mia iko siku tatu mbele yake. Mara nyingi inatukuta mwanzoni mwa muhula wa pili, Julai, watoto wakiwa wametoka likizo na sehemu nzuri ya walichojua wamekiacha kwa bibi. Wenzetu wa Kenya, wenye mihula mitatu, inawakuta katikati ya mwaka pia, ndani ya muhula wa pili.

Swali ninaloulizwa na walimu wenzangu si kama waifanye, ni wafanye nini siku yenyewe. Njia ninazozijua ni nne, na kila mwaka mtu anakwama kati ya mbili au tatu. Nitaziweka zote kwenye mizani moja.

Mizani yenyewe

Mfuko kwanza. Darasa la kulipia lenye watoto 20 na darasa la serikali lenye watoto 80 hayawezi kufanya sherehe moja. Na mfuko sio wa mwalimu tu. Kuna fedha inayomtoka mzazi kimyakimya mtoto anapofika nyumbani na kusema, "Mwalimu kasema tulete."

Halafu wingi wa watoto. Kinachopendeza kwa watoto 15 kinaweza kugeuka vurugu kwa 80, na wakati mwingine ni kinyume chake.

La tatu ndilo watu wanaliruka, na mimi ndilo naanza nalo: mia ya namna gani? Mia ni rundo la vitu. Mia pia ni thamani, kama ile sarafu moja yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Ukiihesabu ni moja, ukienda nayo dukani ni mia. Mia ni umbali, au muda. Na mia ni mahali pake katika foleni ya namba, baada ya 99, kabla ya 101. Hakuna shughuli hata moja inayofundisha sura zote nne kwa asubuhi moja. Kabla hujachagua, tazama watoto wako wamepungukiwa ipi.

Kisha muda na usafi: kipindi cha dakika 30 kinatosha, au utaomba asubuhi nzima? Na nani atafagia?

Mwisho, nani anaachwa pembeni. Yupo asiye na cha kuleta, yupo asiyeweza kukimbia, yupo ambaye bado anahesabu mpaka 20 tu.

Mkusanyo wa vitu mia

*Inavyokwenda.* Kila mtoto analeta vitu mia kutoka nyumbani: komwe, vizibo vya soda, mbegu za ubuyu, vijiti, mawe. Darasani vinapangwa kumi kumi, vinahesabiwa, vinalinganishwa, vinakaa dirishani wiki nzima watu wavione.

*Mfuko.* Kwa kutamka ni bure. Mwaka wa kwanza sikusema walete nini hasa. Saa nne mama mmoja akabisha mlangoni, akanisalimu vizuri, akaniita pembeni. "Mwalimu, yale maharage aliyokuja nayo naomba yarudi mchana. Ndiyo mboga ya leo." Nikayatoa kwenye kopo mimi mwenyewe, yote 103, nikamkabidhi. Tangu hapo sharti langu ni moja: vitu vya kuokota, chakula hapana.

*Wingi wa watoto.* Hapa ndipo inapoelemea. Watoto 80 mara mia ni vitu 8,000, na hakuna mwalimu wa kuvikagua. Dawa niliyoipata ni kumwambia kila mtoto alete kumi tu, halafu watoto kumi wakae duara moja. Duara linakuwa mia, na darasa linakuwa na mia nane. Uzuri wake ni kwamba kila kumi ina mwenyewe. Ukimwambia Asha atoke na vitu vyake, duara linabaki tisini, kila mtu anaona.

*Hesabu iliyomo.* Mia kama wingi, na hasa jambo moja ambalo watoto wa miaka sita wanalikataa kwa nguvu: kwamba mia ni mia hata ikiwa ndogo. Punje mia za mchele ni kama nusu kijiko cha chai. Punje mia za mahindi hazijazi kikombe cha kahawa. Vizibo mia vinataka bakuli. Viweke mezani pamoja uulize kipi ni kingi, utasikia kelele. Kuna binti alihesabu mchele wake, akautazama, akauhesabu tena, kisha akaniambia kwa masikitiko, "Mwalimu, mia yangu imekonda." Sina namna bora ya kulieleza somo hilo.

Kama una trei tupu za mayai, zitumie. Trei moja ina vishimo 30, safu za tano tano, kwa hiyo kila safu mbili ni kumi. Trei tatu zinakupa tisini na kumi inayobaki inalala nje. Hapo ndipo "tisini na kumi" inapogeuka mia mbele ya macho yao. Bao la Kiswahili nalo linavutia, ila ujue kete zake ni 64. Kwa mabao mawili unapata 128, na kuondoa 28 ni hesabu ya darasa la juu kidogo.

*Panapokwama.* Pua na masikio. Mbegu ndogo zinaingia mahali zisipotakiwa, na safari ya zahanati inafuta sherehe yote. Kwa watoto wa awali tumia vizibo, vipande vya gunzi, mawe ya ukubwa wa ndimu. Tatizo jingine ni makopo ya kifahari. Mtoto mmoja anakuja na shanga za rangi kwenye chupa ya kioo, mwingine ana kokoto kwenye mfuko wa unga, na darasa zima linajua nyumba ipi ni ipi. Mwalimu aandae makopo ya namna moja, au vyote vimwagwe kwenye mkeka.

*Inamfaa nani.* Darasa lisilozidi watoto 40, na watoto wanaotaja namba mpaka mia kwa wimbo lakini ukiwauliza walete vijiti 35 wanaleta vya kubahatisha. Inamfaa pia mzazi aliye Marekani, Minnesota au Texas, aliyepokea kikaratasi shuleni kwamba Ijumaa mtoto aje na vitu mia: fungeni kumi kumi nyumbani, kwa Kiswahili, kabla hajavipeleka.

Gulio la shilingi mia

*Inavyokwenda.* Kila mtoto anapewa vizibo kumi, kila kimoja shilingi kumi. Madawati yanageuka vibanda. Bidhaa ni vitu vya kuigiza: kashata za udongo, penseli fupi, picha, majani yaliyofungwa mafungu ya mchicha. Bei ni 10, 20, 30 au 50. Sharti: utumie mia yote, usibakize, usikope.

*Mfuko.* Karibu bure, ila inakula jioni mbili za mwalimu. Vizibo 800 kwa darasa la 80 havikusanywi kwa siku moja. Anza mwezi mmoja kabla. Wenye magenge na vibanda vya soda wanakupa ukiwaomba vizuri. Viguse pembeni, vingine vina ncha.

*Wingi wa watoto.* Watoto 80 sokoni kwa pamoja ni Kariakoo ya mkesha wa Idi. Gawa: nusu wanauza na nusu wananunua, kisha wabadilishane. Wauzaji wanne kwa kila kibanda: mmoja anapokea, mmoja anahesabu, mmoja anatoa bidhaa, mmoja anaandika. Bila huyo wa kuandika hautajua kilichofanyika.

*Hesabu iliyomo.* Mia kama thamani, na namna nyingi za kuijenga: 50 na 50; 50, 30 na 20; 30, 30, 30 na 10. Ni kujumlisha kwa makumi bila kuliita hivyo. Pia hapa kitu kimoja kinasimama badala ya kumi, na huo ni mruko mkubwa kuliko unavyoonekana. Usishangae ukimpa mtoto muuzaji kizibo kimoja kwa bidhaa ya shilingi kumi, akakulaumu kwamba bado anakudai vizibo tisa.

Halafu kuna wale watoto ambao kumbe walikuwa wanajificha. Nilikuwa na kijana ambaye daftari lake la hesabu lilikuwa limejaa mistari myekundu, mama yake anauza vitumbua stendi. Siku ya gulio aliketi kibandani, mteja akampa vizibo vitano kwa kitu cha 30, naye akarudisha viwili bila hata kutazama chini, akauliza, "Nikufungie?" Nilirudi kwenye daftari lake jioni ile kwa jicho jingine.

*Panapokwama.* Kupatana bei. Watoto wetu wanajua soko, na soko linajua punguzo. "Nipunguzie" ikishaanza, hesabu ya mia inavunjika. Ama upige marufuku, ama uikubali kwa makusudi na uwape wanunuzi wanaobakiza chenji swali jipya: umebakiza ngapi? Mimi naipiga marufuku raundi ya kwanza na kuifungulia ya pili. Usitumie sarafu halisi kwa mchezo wenyewe. Zitapotea, na utazilipa. Sarafu moja ya mia ya kuonyesha, ipite mkono kwa mkono pamoja na zile mbili za hamsini, inatosha.

*Inamfaa nani.* Darasa la kwanza mwishoni na la pili, watoto ambao kumi hadi mia wanaipanda kwa makumi bila kusita. Awali ni mapema mno kwa bei nne. Wape bei moja tu, shilingi kumi, na wanunue mara kumi.

Mia uwanjani

*Inavyokwenda.* Kuruka kamba mara mia, kila mtoto kumi, watoto kumi kwa kamba. Hatua mia kutoka mlangoni. Kupiga makofi mia kwa makundi ya kumi. Kukaa kimya sekunde mia.

*Mfuko.* Kamba. Basi.

*Wingi wa watoto.* Hii ndiyo shughuli inayopenda wingi. Watoto 80 ni makundi manane, kila kundi kamba yake, au makundi manne yanaruka na manne yanahesabu kwa sauti. Watoto wakizidi mia, weka kiranja wa darasa la tano kwa kila makundi mawili.

*Hesabu iliyomo.* Mia kama urefu na muda. Shughuli ya hatua ni ndogo lakini ina mengi ndani. Panga watoto mstari mmoja mlangoni, nawe simama nao, wote mtembee hatua mia mkihesabu pamoja. Hatua ya mtoto wa miaka sita ni kama nusu mita, ya kwako inakaribia robo tatu. Utawaacha nyuma mita 20 na zaidi. Geuka uwaulize: wote tumepiga mia, mbona hatuko pamoja? Majibu yatakuja ya kila namna. Mmoja aliniambia nilidanganya. Mwingine akasema, "Mguu wako ni mkubwa, mwalimu," na hapo ukapatikana mwanzo wa kipimo, yaani kwamba idadi bila kujua unahesabu nini haikupi umbali.

Sekunde mia ni dakika moja na sekunde 40. Kwa mtoto aliyeambiwa akae kimya, hiyo ni sawa na jioni nzima. Waambie wainue mkono wakidhani mia imefika, nawe ushike saa. Wa kwanza watainua kwenye ishirini na kitu.

*Panapokwama.* Kuhesabu kwa kuruka kunakuwa wimbo. Miguu inakwenda, mdomo unakwenda, akili imekaa kivulini. Wanafika mia na hakuna aliyeona kumi zilipopita. Ndiyo sababu nasisitiza kituo kila kumi: kamba inasimama, mtoto anaweka jiwe moja kwenye duara, mwingine anaingia. Mwisho wa mchezo kuna mawe kumi chini, nayo ndiyo ushahidi. Shughuli isiyoacha ushahidi wa makumi kwangu ni michezo, nami sina ugomvi na michezo, ila isiitwe hesabu.

Mtoto mwenye ulemavu wa miguu asifanywe mtazamaji. Mpe mawe, mwenye mawe ndiye mwamuzi, na bila yeye hakuna anayejua wamefika wapi. Jua nalo: Julai maeneo mengi ni kiangazi, mvua haisumbui, vumbi ndilo linalosumbua. Fanya asubuhi.

*Inamfaa nani.* Madarasa makubwa, shule zisizo na vifaa, watoto wa awali wasioweza kukaa, na mwalimu ambaye hakupata jioni ya kuandaa. Mwalimu mkuu asiyependa kelele aarifiwe mapema.

Chati ya mia

*Inavyokwenda.* Unachora miraba 10 kwa 10 kwenye sakafu kwa chaki, kwenye mchanga kwa kijiti, au kwenye karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa. Watoto wanajaza namba, wanazitembea, wanatafuta zilizofichwa.

*Mfuko.* Chaki. Ukitaka idumu, kiroba kilichochanwa na kalamu ya wino mzito. Changu kinakwenda mwaka wa tatu.

*Wingi wa watoto.* Wastani. Chati moja ya sakafuni inabeba watoto 20 kwa zamu. Kwa 80 unahitaji nne, na mchanga wa nje hauna gharama.

*Hesabu iliyomo.* Mia kama mwisho wa njia. Mtoto akisimama kwenye 29 na kupiga hatua moja, anafika ukingoni, kwenye 30. Hatua inayofuata inamshusha safu mpya. Akishuka kutoka 5 anakutana na 15, 25, 35, na kidole chake kinagundua kwamba kushuka ni kuongeza kumi. Yule wangu wa "ishirini na kumi" ndiye niliyemchorea chati ya kwanza. Alisimama kwenye 20, akahesabu hatua kumi, akafika 30, akanitazama kama mtu aliyekuta alichokuwa anakisema tangu mwanzo. Wakati wa kuitembea, taja namba mara mbili: thelathini, makumi matatu, arobaini, makumi manne. Inachosha siku mbili, halafu inalipa.

*Panapokwama.* Haina sherehe ndani yake. Watoto waliosikia tangu Juni kwamba siku ya mia inakuja, ukiwapa chati tu watahisi wamedhulumiwa. Iongezee kitu: mraba wa 100 uwe na kofia ya karatasi, kila anayefika anaivaa.

*Inamfaa nani.* Watoto wanaokwama kwenye mabadiliko ya makumi, darasa lenye nafasi ndogo au jirani anayefanya mtihani, na mwalimu anayetaka kitu kitakachotumika mpaka Desemba.

Sasa uchague

Kama una watoto 80 na mkono mtupu, anza uwanjani, na mawe yako kumi. Ukipata vizibo vya kutosha, gulio la raundi moja linaweza kufuata wiki inayofuata. Hakuna aliyesema lazima yote yaishe siku moja.

Kama watoto wako wanaimba namba bila kuzielewa, kelele za uwanjani zitakificha kidonda hicho badala ya kukitibu. Mkusanyo wa kumi kumi utakionyesha ndani ya dakika tano. Kama kikwazo ni maneno, ishirini na kumi na ndugu zake, chora chati. Na kama wanajua vyote hivyo na wanaanza kuboreka, gulio ndilo litakalowaamsha.

Kwa darasa la awali, mimi huchanganya: sekunde mia za kimya na hatua mia, halafu vizibo vikubwa kwenye mkeka. Vitu vidogo na bei nyingi ngoja wafike la kwanza na la pili. Kwa shule ya kulipia ambako wazazi wanataka kuona kitu, mkusanyo ndio unaopigwa picha vizuri, lakini makopo yawe ya namna moja.

Mzazi unayefundisha nyumbani na mtoto mmoja au wawili, gulio linakufaa kuliko mwalimu yeyote wa darasa kubwa. Jikoni una vibanda tayari, na hapo unaweza kutumia sarafu za kweli, maana zikipotea zimepotea chini ya kochi lako.

Na kama hukuanza kuhesabu siku tangu Januari, usighushi. Watoto wanajua. Anza leo na chelewa moja ukutani, sherehekea siku ya 50 kwa vitita vitano, au hesabu mia yako kuanzia leo na iangukie itakapoangukia. Kwa walioanza mapema, siku ya mia mkivifunga vitita kumi pamoja, msiufungue mzigo huo. Kesho yake chelewa ya 101 inakaa kando yake peke yake, na mtoto wa kwanza atakayeuliza kwa nini haikuingizwa ndani mpeni chaki aeleze ubaoni. Shule ikifungwa Desemba, ukutani panatakiwa pawe na mzigo mmoja mkubwa, vitita tisa na chelewa nne.